Kobe wa Dashibodi

Mama mkwe wangu ndiye aliyemwona kwanza. Tulikuwa tumeiacha Mombo, tunapanda kona za kwenda Soni, naye kakaa kiti cha mbele kwa sababu magoti yake hayataki tena kubanwa. Akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Mwanangu, huyu kobe wa njano anayepepesa macho ana nini?"

Usukani ulikuwa mikononi mwangu. Nikatazama. Kile kijipicha cha injini, ukikiangalia kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kuendesha, kina gamba, kina shingo, hata mkia kinao. Kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, na papo hapo gari likaanza kutetemeka kama cherehani ambayo sindano yake imekutana na pini. Nikikanyaga mafuta, linakohoa. Nikiachia, linatulia kidogo. Tangu siku ile taa hiyo haina jina lingine nyumbani kwetu. Ni kobe.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anaoa pale Soni. Ndani ya buti mlikuwa na gauni la bibi harusi nililolishona wiki tatu, sare kumi na mbili za wapambe, na nazi 40 ambazo mama mkwe aliapa kwamba huko milimani hazipatikani za maana. Kiti cha nyuma walibanana Baba Watoto, binti yangu na kijana wangu wa miaka 13. Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya cc 1300, nililolinunua kwa fedha za kushona sare za shule hapa Tanga. Nilishona miaka sita kulipata. Kwa hiyo lilipokohoa, nilikohoa nalo.

Nikaegesha palipo na nafasi pembeni mwa barabara, na kila mtu akatoa yake. Baba Watoto alisema ni mafuta. Tulijaza Korogwe, bila shaka yamechakachuliwa. Binti yangu alisema tuzime kiyoyozi. Mama mkwe alisema ni nazi, na kwamba yuko tayari ishirini zishushwe, mradi si zile alizozichagua mwenyewe. Kijana wangu hakusema kitu. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, anaangalia bonde.

Tukapanda kwa gia nzito, taratibu, malori yanatupita. Kila mlima ulipokaza, kobe alipepesa. Palipokuwa na nafuu, alitulia na kuwaka bila kupepesa. Tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu na sikuijua maana yake, na kutoijua kulitugharimu wiki nne. Gauni lilifika salama saa nane mchana.

Jioni ile akaitwa fundi wa jirani. Alifungua boneti, akachomoa waya mmoja wa betri, akasubiri kama dakika kumi huku akinywa chai ya tangawizi, akaurudisha. Akawasha gari. Kobe hayupo. "Limepona, mama," akasema, nikampa shilingi 10,000 kwa moyo mweupe. Harusi ikafana. Jumapili tukateremka na kabichi na matunda ya mlimani, gari linakwenda vizuri, na hiyo ndiyo hatari ya mteremko: injini haifanyi kazi, basi haina la kulalamikia. Tulipofika vilima vya karibu na Muheza, kobe akarudi.

Zikaanza wiki ambazo nikizikumbuka naona tulikuwa kama watu wanaompeleka mgonjwa kutoka mganga hadi mganga bila yeyote kumuuliza anaumwa wapi. Fundi wa kwanza hapa mjini alisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema magari haya ugonjwa wao ni sensa ya oksijeni. Tukanunua iliyotumika kwa shilingi 85,000. Kobe alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, nampeleka mama mkwe kliniki, alirudi.

Fundi wa pili aliingia uvunguni, akagonga ekzosi kwa bisibisi, akatoka na hukumu: masega yameziba, yakatwe. Kwa wasiojua, masega ni lile kopo kwenye bomba la moshi, ndani yake mna vitundu vidogo mfano wa sega la nyuki, ambavyo husafisha hewa chafu kabla haijatoka nje. Alisema atatukatia, ataunganisha bomba, na lile kopo bovu atatusaidia kulitupa. Bahati yangu, mume wangu ni mwalimu wa kemia. Alimwambia kwa upole kwamba kuta za vile vitundu zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo watu hawayatupi. Fundi akasema basi atatupa shilingi 100,000 tumwachie. Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka. Kama kitu ni kibovu, kwa nini unakilipia?

Wa tatu hakuwa fundi bali jirani, mtu mwema, aliyeniletea kipande cha utepe mweusi. Kobe akifunikwa, alisema, hakusumbui. Mwenzake akaongeza kwamba yuko mtu anayefungua dashibodi na kuitoa balbu kabisa. Nilikataa, na nitakataa daima. Mteja akinirudishia gauni lenye mshono uliofumuka, siwezi kumwambia avae mtandio juu yake.

Hayo yote yalikuwa ya gereji. Ya nyumbani yalikuwa mazito zaidi. Gari lilikunywa mafuta kuliko kawaida, na kwenye ekzosi ilitoka harufu ya petroli mbichi iliyoingia hadi jikoni. Mama mkwe akaanza kwenda kliniki kwa bajaji, anarudi kashika kiuno. Usiku mmoja Baba Watoto aliweka kijiko chini akasema tuliuze kabla halijatumaliza. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia asiuze jasho asilolimwaga, na maneno yale, mbele ya mama yake na watoto, hayakunitoka vizuri hata kidogo. Kijana wangu aliinuka, akaenda kulala bila kumaliza ugali. Nilidhani ni kwa sababu ya ugomvi wetu.

Wiki hiyohiyo nilikuta kitu kwenye droo ya nyuzi: sarafu na noti chache zilizokunjwakunjwa, jumla shilingi 6,500. Nilidhani ni chenji ya mteja niliyoisahau. Siku nne baadaye zilikuwa 7,500.

Kaka yangu akaja kutoka Dar es Salaam na kidude alichokinunua Kariakoo. Chini ya usukani wa gari kuna soketi yenye matundu 16. Unachomeka hapo, kidude kinaongea na simu kwa blutuuthi, na simu inakusomea kilichoandikwa ndani ya kompyuta ya gari. Alikuwa amekitumia kwenye gari la rafiki yake lililotoka Uingereza, kikafanya kazi. Kwetu kilizunguka, kikazunguka, kikasema hakuna mawasiliano. Tukaamini hata kompyuta imekufa. Baadaye nikaelezwa kwamba magari mengi yaliyojengwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile yana namna yao ya kuitikia, na vidude vya bei rahisi vimefundishwa salamu za Marekani na Ulaya. Gari letu lilikuwa zima la masikio. Ni salamu tu haikuwa yake.

Aliyetuokoa alitoka kwa mteja wangu mmoja: mpwa wake, binti wa miaka ishirini na kitu, aliyesomea umeme wa magari VETA. Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi na sanduku lake, akamwamkia mama mkwe, akanipa shikamoo, akavaa ovaroli. Kabla hajagusa boneti akauliza swali ambalo mafundi watatu na jirani mmoja hawakuwahi kuliuliza.

"Mama, siku ile kabla taa haijawaka mara ya kwanza, gari lilifanywa nini?"

"Halikufanywa kitu," nikasema. "Lilioshwa tu, tulikuwa tunaenda harusini."

Akaitikia kwa kichwa, akachomeka mashine yake. Hii ilikuwa kubwa kuliko kidude cha kaka, na ilijua salamu. Kwenye kioo pakatokea P0303. Akanifundisha kuisoma, na nafurahi alifanya hivyo badala ya kuniambia niamini tu. Herufi P inasema tatizo liko upande wa injini na gia. Sifuri inasema ni lugha ya magari yote, si ya kampuni moja. Tatu ya kwanza inahusu moto wa plagi na kumisi, yaani silinda kukosa kuchoma mafuta. Mbili za mwisho zinataja silinda: namba tatu. Gari lilikuwa limetaja chumba chenye mgonjwa siku zote hizo.

"Na yule fundi wa Soni?" nikauliza. Akasema kuchomoa betri kunazima taa kwa sababu kunafuta kumbukumbu, na pamoja na kosa lenyewe kunafuta maelezo ya hali ilivyokuwa wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto, mzigo wa injini. Kobe anafukuzwa, daftari lake linachomwa, na ugonjwa unabaki palepale. Sensa ya oksijeni nayo ilionewa. Silinda moja isipochoma mafuta, hewa yake inatoka na oksijeni nzima, na sensa inairipoti. Ilikuwa shahidi mkweli, tukaifukuza na kuleta shahidi mwingine aliyesema yaleyale.

Kisha akaniuliza kuhusu kupepesa. Nilipomweleza habari za mlima wa Soni, aliacha spana. Akasema taa hii haikuwekwa hasa kwa ajili ya injini, iliwekwa kwa ajili ya moshi. Marekani ndiyo iliyolazimisha mfumo huu wenye soketi ya namna moja kwenye magari yote mapya ya kuanzia mwaka 1996, ili gari linaposhindwa kusafisha hewa yake limwambie dereva. Ikiwaka bila kupepesa, una nafasi ya kulipeleka gari likapimwe. Ikipepesa, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuungua humohumo, na masega yanaweza kuyeyuka kwa joto. Hapo unaachia mafuta na kusimama. Mimi nilikuwa nimepanda nayo hadi Soni.

Akaondoa kilichofunika koili. Ziko nne, kila silinda na yake, zimesimama juu ya plagi zake ndani ya visima virefu. Silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa cheni. Akafungua boliti ya namba 10, akaivuta koili ya tatu. Ilitoka kwa shida, na mpira wake wa chini ulikuwa na mchirizi mweupe kama njia ya konokono. Akamulika kisimani kwa tochi ya simu, akaniita nitazame. Shingo ya plagi ilikuwa na kutu nyekundu, na pembeni mwake pana tope lililokauka, jeupejeupe.

"Hii ni sabuni," akasema. "Nani aliosha injini?"

"Hakuna anayeosha injini hapa," nikamjibu, na nilikuwa na hakika.

Nyuma yangu nikasikia kikombe kinagonga sakafu. Kijana wangu alikuwa mlangoni, alitumwa na bibi yake kumletea fundi maji. "Ni mimi, mama," akasema. Na kabla sijageuka vizuri, yakamwagika yote. Alhamisi ile usiku alitaka gari ling'are kwa ajili ya harusi ya baba yake mdogo. Aliwahi kuona kwenye sehemu za kuoshea magari vijana wanafungua boneti na kupiga maji ndani. Akafungua. Akanyunyiza sabuni ya unga, akabana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu, akasuuza mpaka ikang'aa. Kulipokucha gari liliwaka likitetemeka kidogo, kisha likatulia, akashukuru Mungu. Kule kwenye kona, bibi yake aliponyoosha kidole, alijua. Alikuwa anajua tangu Mombo.

"Kwa nini hukusema?" Baba Watoto alikuwa ametoka ndani, kasimama na gazeti mkononi.

"Mlikuwa mnagombana," akasema. "Nilikuwa naweka hela kwenye droo ya nyuzi."

Niliketi kwenye ngazi. Fedha zile zilikuwa za maandazi ya shule. Kwa karibu wiki tatu mwanangu alikaa na njaa hadi saa nane akijaribu kulipa deni ambalo hakuna aliyekuwa anamdai, wakati sisi wazazi wake tunauliza mji mzima isipokuwa yeye. Baba Watoto hakupiga wala hakufoka. Alimshika bega akamwambia, "Njoo uone ulichokifanya, ukielewe." Wakainama wote wawili juu ya injini.

Binti yule fundi, kwa hekima ya watu wa kazi, aliendelea kana kwamba aliitiwa somo hilo. Alimweleza kwamba koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kufika makumi ya maelfu, ili cheche iruke kwenye ncha ya plagi. Umeme wa namna hiyo ukipata njia ya mkato unaikimbilia. Maji yalijaa kisimani, yakawa njia. Yalipokauka yakaacha ule mchirizi kwenye mpira, njia ya kudumu. Gari likiwa tambarare cheche bado inafika. Likipanda mlima, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka, na umeme unaona bora kupita pembeni. Ndiyo maana palikuwa Soni.

Hata hivyo hakuuza koili kwa macho tu. Alisafisha visima, akakausha, akaihamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza na ya kwanza kuja ya tatu, akafuta kumbukumbu baada ya kuinakili kwenye daftari lake, akanipeleka barabarani nikanyage mafuta. Tuliporudi mashine ilisoma P0301. "Ugonjwa umehama na koili," akasema. "Sasa mnaweza kununua." Jaribio lile halikugharimu hata senti, na lingeweza kufanywa na yeyote kati ya wale waliotangulia.

Koili moja na plagi nne vilitugharimu shilingi 85,000, sawasawa na ile sensa. Kazi yake shilingi 20,000. Nilimuongezea na kitenge. Masega yapo palepale. Shilingi 7,500 nilimrudishia mwenyewe mikononi, na nilimwomba radhi Baba Watoto mezani, mbele ya walewale waliosikia neno langu la kwanza. Kijana siku hizi anakwenda kwa yule dada wakati wa likizo kushika tochi na kupanga boksi za spana. Mama mkwe ameanza tena kukaa kiti cha mbele, na kila asubuhi anamtafuta kobe wake.

Na huonekana, kwa sekunde chache. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, kobe huwaka pamoja na taa nyingine kuonyesha kwamba yuko hai. Injini ikishawaka, anazimika. Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua gari lililotumika, usianze na rangi wala viti. Zungusha ufunguo, mtafute kobe. Ukimkosa hapo, usitoe fedha yako: huenda kuna mtu ameitoa balbu.